Mahari ya Magurudumu Manne

Jambo la kwanza lililomkera Mwanamisi kuhusu ile jenereta lilikuwa saruji.

Adan aliishusha uani kwao Ruiru asubuhi moja ya mwaka ule wa ukame, karne ikielekea ukingoni. Ilikuwa jenereta ya dizeli, rangi ya kijani ya jeshi, ndefu kama kitanda cha watu wawili, na fremu yake ya chini ilikuwa imeng'ang'aniwa na mabonge ya saruji. Mashine nzito huwekewa saruji isitikisike, kila mtu anajua, lakini hiyo huwa ya vidole vinne kwenda juu. Hii ilikuwa imemiminwa mpaka kiunoni. Na juu ya saruji kulikuwa na mnyororo uliokatwa kwa moto, umeizunguka mara saba, kufuli lake lingali linaning'inia.

"Kitu cha kilo mia tisa," Mwanamisi akasema, mikono kiunoni. "Nani aliogopa kitatembea?"

Adan, ambaye kazi yake ilikuwa kununua vyuma vya mnadani na kuviuza Thika, alicheka. "Wallahi mama, jeshi ni jeshi. Hata sufuria wanaifunga pingu."

Mumewe, Yahya, hakucheka. Alikuwa ameshapiga magoti, amefungua kifuniko cha tangi, ameingiza pua. Aliinua uso kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni.

"Njoo unuse," akasema.

Mwanamisi alinusa. Tangi lililokaa miaka bila dizeli hunuka kutu na panya. Hili lilinukia udi, ule udi wa chumbani kwa bi harusi.

Yahya alihitaji jenereta kama mgonjwa anavyohitaji dawa, hilo lazima lisemwe, asije mtu akamwona mpumbavu. Alikuwa fundi wa kuchomelea, akitengeneza mageti na madirisha, na mashine ya kuchomelea bila stima ni pambo. Mabwawa yalikuwa yamekauka, na Ruiru imegawanywa mapande mawili: leo stima upande wao, kesho upande wa pili wa reli, zamu kwa zamu, ratiba ikabandikwa madukani. Siku moja anafanya kazi, siku inayofuata anapiga miayo. Mpango wake ulikuwa kuifufua jenereta, kuitia magurudumu, kisha kuikokota kwa kinyozi, kwa mwenye kinu cha posho, kwenye harusi na matanga, popote penye giza na mwenye pesa.

Mwanamisi naye alikuwa na lake. Miaka sita ya ndoa, hana mtoto. Kila Ijumaa walipokwenda Majengo ya Thika kumsalimia mama mkwe, Bi Nadira, mama mkwe alimkaribisha kwa chai ya tangawizi na maneno yaleyale. "Mwanangu Yahya ana bega pana. Linaweza kubeba nyumba mbili." Yahya alikuwa akicheka tu na kubadilisha mazungumzo. Hakuwahi kusema ndiyo. Lakini hakuwahi kusema hapana pia, na Mwanamisi aliihesabu hiyo hapana isiyosemwa, Ijumaa baada ya Ijumaa, akiona wivu juu ya mwanamke ambaye hata hajazaliwa kichwani mwa mumewe.

Basi kazi ikaanza. Yahya alivunja saruji kwa nyundo na patasi siku tatu. Pistoni zilikuwa zimeganda, akazimiminia mafuta na kuziacha zilowe wiki nzima, kila jioni akijaribu kuzizungusha kwa spana ndefu, akizibembeleza. Hakuna fundi asiyeongea na mashine. Yahya alikuwa na maneno yake: "Haya mama, njoo. Njoo polepole. Usinionee haya." Mwanamisi aliyasikia akiwa jikoni, na alikumbuka kwamba hayo hayo aliambiwa yeye, usiku wa kwanza.

Siku pistoni zilipoachia, Yahya alipiga kelele ya furaha mpaka jirani yao Ngendo, aliyekuwa akiuza githeri pembeni mwa geti lao, akaja mbio akidhani amekatwa mkono.

"Ngai! Kumbe ni mashine tu?" Ngendo akasema. Kisha akamgeukia Mwanamisi kwa jicho la utani. "Wewe, chunga. Bwana yangu alianza hivyo hivyo na lori. Nililala na lori miaka minne."

Mwanamisi alicheka, lakini jioni ile mume hakula. Alikuwa amesahau kuwa kuna chakula.

Ikabaki sumaku. Jenereta iliyolala miaka mingi husahau sumaku yake. Injini itanguruma lakini stima haitoki, mpaka fundi aikumbushe kwa betri ya gari, waya kwa waya, sekunde moja tu. Yahya aliikumbusha. Sindano ya kipimo cha volti ilipanda mpaka mia mbili na arobaini, ikatulia hapo, na taa ya karakana ikawaka nyeupe. Alisimama akiitazama kwa jicho ambalo Mwanamisi hakuwa ameliona miaka miwili.

Siku ya kutia magurudumu ndiyo siku iliyoharibu kila kitu, na aliyeiharibu ni Mwanamisi mwenyewe. Yahya alikuwa amenunua ekseli mbili za pikapu chakavu na magurudumu yake manne. Adan alikuja kusaidia kuinua, pamoja na mafundi wawili Waislamu wa pale jirani. Walisimamisha mabomba matatu ya chuma, wakaning'iniza winchi ya mnyororo, wakaivuta jenereta juu sentimita kwa sentimita. Ikaning'inia hewani, ikizunguka taratibu. Yahya aliipapasa ubavu isigonge bomba, akasema kwa sauti ya chini, "Tulia mama, nakuvisha viatu."

Mwanamisi alikuwa ameleta chai. Kitu kikamchoma kifuani, na badala ya kulia akaamua kuchekesha, maana mtu akijichekesha mwenyewe hakuna anayepata nafasi ya kumcheka.

"Waungwana," akasema kwa sauti kubwa, "mama mkwe wangu anataka mke wa pili. Huyu hapa. Adan, si wewe uliyemleta? Wewe ndiye baba yake. Muoze!"

Wanaume wakaangua kicheko. Adan hakuwa mtu wa kuachia mzaha upite. Alisimama wima, akashika mkono wa Yahya kama unavyoshikwa msikitini. "Yahya, nimekuoza huyu binti yangu mtiifu, asiyekula sana."

"Mahari?" akauliza mmoja wa mafundi, akijifuta machozi.

"Magurudumu manne," Adan akasema.

"Nimekubali kumuoa," Yahya akasema, naye akicheka, "kwa mahari ya magurudumu manne."

Mwanamisi akapiga vigelegele. Kisha, ili mzaha ukamilike, akaingia ndani, akatoa sandukuni leso yake ya harusi, ile doti aliyoletewa siku ya nikaha yake, iliyoandikwa *Nilichopewa na Mungu sigawi*. Aliichana pale katikati, mahali ambapo vipande viwili bado vilikuwa vimeshikana, maana hakuwahi hata kuishona pindo. Kipande kimoja akajifunga yeye. Kwa kingine akaifunika jenereta, akasema, "Karibu, mke mwenza. Tuvae sare."

Ngendo, aliyekuwa akichungulia getini, hakucheka. "Hiyo si kitu ya kucheza nayo, Mwanamisi," akasema taratibu. Lakini nani alikuwa anamsikiliza Ngendo?

Magurudumu yakachomelewa na kukazwa. Mbele wakaweka mkono mrefu wa chuma wa kuvutia, wenye pete mwishoni. Winchi ikalegezwa, jenereta ikakanyaga ardhi. Ilisonga yenyewe hatua moja kuelekea kwa Yahya, wakasema uani pameinama.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa neema. Jenereta ilikwenda kwa kinyozi, kwa mwenye posho, mpaka kwenye harusi ya watu wenye nyumba zao mtaani Kahawa Sukari, ikarudi kila jioni ikivutwa na punda. Nyama ilianza kuonekana nyumbani. Bi Nadira alisifu. Na Yahya akaanza kulala karakanani, siku moja ndani, siku moja nje.

"Naogopa wezi," akasema.

"Wezi wa kilo mia tisa?"

"Sasa ina magurudumu, Mwanamisi."

Alipochunguza ratiba ya stima iliyobandikwa ukutani ndipo Mwanamisi alipoona mpangilio. Siku upande wao una stima, Yahya alilala kwake. Siku ya giza, alilala karakanani. Hakukosea hata mara moja. Zamu zilikuwa sawasawa, kama za mume mwenye wake wawili anayemwogopa Mungu.

Mambo madogo yakafuata. Mchuzi wake ulitiwa chumvi mara mbili. Kioo chake kilipasuka kikiwa ukutani. Wanja wake ukakauka, manukato yake yakageuka kunuka dizeli, na kila asubuhi baada ya siku ya giza Yahya aliingia ndani ana harufu ya udi shingoni. Ile leso juu ya jenereta, ambayo ilipaswa kuwa imejaa mafuta na masizi, ilikuwa safi siku zote, imefuliwa, imepigwa pasi, mistari ya kukunjwa bado inaonekana.

"Nani anafua hii leso?" Mwanamisi akauliza.

"Si wewe?" Yahya akajibu.

Alasiri moja Ngendo alimvuta kando, akanong'ona huku akiangalia mlango wa karakana. "Mwanamisi, hiyo jenereta yenu, mnaizima kweli?"

"Imezimwa tangu saa sita. Dizeli imeisha."

"Basi ni nani anaimba humo ndani?"

Walitega masikio. Kutoka karakanani ilitoka sauti nyembamba, ya pua, ya mwanamke anayejipambia nyumba yake mpya akiwa hana haraka. Haikuwa na maneno. Mwanamisi alisukuma mlango. Sauti ikakatika. Ndani hamkuwa na mtu, ila leso ilikuwa ikitulia taratibu juu ya bati, kama vazi la mtu aliyeketi sasa hivi. Alichokisikia Mwanamisi wakati ule hakikuwa woga. Ulikuwa wivu, mkali kiasi kwamba woga ulikosa mahali pa kukaa.

Akaamua kupigana kama mke. Siku ya giza iliyofuata alipika pilau, akavaa gauni lake la Idi, akampaka mumewe maneno matamu, na walipomaliza kula akafunga mlango na kuutia ufunguo kifuani.

"Leo utalala hapa," akasema.

Yahya alitazama mlango. "Mwanamisi, usinifanyie hivi. Leo..."

"Leo nini?"

Taa ya kandili ilikuwa mezani, Ruiru upande wao wote ilikuwa nyeusi, mbwa wamenyamaza. Kwanza ilikuja harufu, udi ukipita chini ya mlango kama moshi wa jikoni. Kisha ile sauti ya pua, mbali, karakanani, halafu si mbali tena. Kisha Mwanamisi akasikia kokoto zikisagika uani, taratibu, chini ya kitu kizito kinachojua kinakokwenda, na akakumbuka kwamba alasiri ile ile alikuwa ameweka mawe kwa mikono yake chini ya kila gurudumu, mawe makubwa manne, na bado kokoto zikaendelea kusagika, zikakata kona ya jiko, zikapita kwenye kamba ya nguo ambayo aliisikia ikivutika na kukatika, zikaja mpaka kizingitini, zikakoma, na katika ule ukimya akasikia pete ya chuma ya mkono wa kuvutia ikiinuliwa, ikagonga mlango mara tatu, kwa adabu kabisa, kama anavyobisha mgeni aliyefundishwa kwao.

Yahya alisimama. Hakusimama kama mtu aliyeogopa. Alisimama kama mtu aliyechelewa.

"Subhanallah, Yahya, kaa!" Mwanamisi alimnong'oneza, akimshika kiuno. "Usifungue. Nakuomba."

"Ni haki yake," Yahya akanong'ona.

Mwanamisi alimwachia, akauegemea mlango kwa viganja vyote viwili. Bati la mlango lilikuwa la moto. Aliushikilia huku ngozi ikilia, akisoma kila aya aliyoikumbuka, akizichanganya, akianza upya, mpaka alfajiri ilipoadhiniwa na moto ukaondoka. Kulipokucha, viganja vyake vilikuwa na alama: mistari myembamba iliyolala sambamba, sawa kabisa na wavu wa mbele wa jenereta. Uani, alama za magurudumu zilitoka karakanani hadi mlangoni. Hazikurudi. Na jenereta ilikuwa mahali pake, mawe manne chini ya magurudumu.

Hakwenda kwa mganga wa tunguri. Alipanda gari kwenda Majengo ya Thika, akamtafuta Maalim Junaid, mwalimu wa madrasa aliyewahi kuwa karani wa kuandika vyeti vya ndoa. Alikuwa kijana bado, mwenye mafua yasiyoisha na sifa ya kuzungumza na majini bila kupiga kelele. Alikuja na daftari la shule na kalamu. Aliketi juu ya ndoo mbele ya jenereta, akapenga kamasi, akauliza maswali kama yuko ofisini.

"Mahari ilitajwa?"

"Ilitajwa," Yahya akasema, kichwa chini.

"Ikalipwa?"

"Ndiyo hiyo aliyosimama juu yake."

"Mashahidi?"

"Wawili. Lakini Maalim, ulikuwa mzaha!"

Maalim Junaid aliweka kalamu chini. "Fundi, kuna mambo matatu ambayo ukweli wake ni ukweli na mzaha wake ni ukweli. Ndoa ni la kwanza. Mzaha mzaha hutumbuka usaha." Akaigeukia jenereta, akasoma, kisha akauliza kwa upole, "Ewe uliyemo humu. Ulifungwa hapa na watu, nasi hatukujua. Uliikubali hii ndoa?"

Injini ilikuwa imezimwa. Tangi lilikuwa tupu. Sindano ya kipimo cha volti ikapanda mpaka mia mbili na arobaini.

"Mahari umepokea?"

Sindano ikashuka, ikapanda tena palepale.

"Na nyumbani hapa, nani alikukaribisha?"

Sindano haikusogea. Ile leso iliinuka pembe moja, bila upepo, ikamwelekea Mwanamisi. Naye akalia, kwa aibu zaidi ya hofu, mbele ya mumewe na mbele ya maalim.

"Basi mlango wa kutokea ni mmoja," Maalim Junaid akasema. "Talaka. Fundi, tamka. Talaka moja, kwa wema. Usitoe tatu kwa mpigo, hiyo ni dhuluma, na aliyedhulumiwa akiwa jini hutatamani kumjua."

Yahya alisimama mbele ya jenereta. Aliweka kiganja juu ya bati, akakiondoa. Alikohoa. Alimtazama Mwanamisi, akaitazama jenereta. Katika kusitasita kule Mwanamisi alijua jambo ambalo hakuna maalim angeweza kumtolea dawa.

"Nimekuacha," Yahya akasema hatimaye. "Talaka moja."

Sindano ilishuka polepole sana mpaka sifuri. Yahya alijifuta macho, akasema ni moshi. Hapakuwa na moshi.

Maalim Junaid alitoa masharti yake akiyaandika. Eda ni miezi mitatu. Katika eda, mtalaka hatolewi nyumbani. Atafunikwa turubai, atakaa karakanani, na matumizi yake ni juu ya mume, maana yake tangi lisikauke dizeli. Hatafanya kazi. "Na wewe fundi," akamwonyesha kalamu, "huo mdomo wako wa kubembeleza spana ufunge. Ukimtamkia neno la kurudiana ndani ya eda, kwa mzaha au kwa kweli, umemrejea. Siku tisini zikiisha salama, mahari yake anaondoka nayo, nanyi mtakuwa watu wake wa zamani tu."

"Hapa hapa?" Mwanamisi aliuliza. "Miezi mitatu, hapa kwangu?"

"Hapa hapa, dada yangu. Subira yako ndiyo kufuli lake sasa."

Akasubiri. Alitundika kalenda ya duka la unga na kukata siku kwa kipande cha mkaa. Yahya alilala ndani kila siku, za stima na za giza. Harufu ya udi ilikoma, viganja vikapona na kubaki na makovu. Kazi ilirudi kuwa ya siku moja moja, nyama ikapotea, nao wakala sukuma wiki na kushukuru. Mtu mwingine angetosheka. Lakini kila Ijumaa Yahya alimimina dizeli kwa mpira mrefu, akiwa amesimama mbali kama alivyoagizwa, na Mwanamisi alimwona anavyooga kwanza. Anavyovaa shati safi. Anavyomimina polepole, ili isiishe haraka.

Siku ya sabini na nane akashindwa.

Yahya alikuwa amekwenda Thika kuswali. Getini akaja mzee Mburu, mkulima wa nyanya wa Ngoliba, amevaa gambuti, trekta yake inanguruma barabarani. Alisikia hapa kuna jenereta imelala bure. Mto upo, pampu anayo, nyanya zinakauka.

"Nitalipa kodi kila mwezi, mama. Au fundi anaiuza?"

Siku kumi na mbili tu zilikuwa zimebaki. Mwanamisi alilijua hilo vizuri kuliko alivyojua umri wake. Lakini akilini alimwona Yahya akirudi kutoka Thika na kuoga, kwa sababu ni Ijumaa.

"Chukua," akasema. "Usilipe kitu. Ivute sasa hivi."

Magurudumu yalizunguka bila kelele. Mburu alivua turubai, akafunga mkono wa kuvutia nyuma ya trekta, ile leso ikipepea juu, na jenereta ikatoka getini kama mwanamke anayefukuzwa mchana kweupe, majirani wakitazama. Ngendo aliweka mwiko chini.

"Mwanamisi, si yule mwalimu alisema..."

"Nyumba ni yangu!"

Yahya aliporudi alisimama mbele ya nafasi tupu muda mrefu. "Umemtoa ndani ya eda," akasema.

"Nimetoa chuma."

Hakugombana naye. Angegombana, Mwanamisi angelala usingizi.

Siku kumi zikapita kimya. Zimebaki mbili. Mwanamisi, moyo mwepesi, alikwenda soko la Githurai kununua vitunguu vya jumla, na aliporudi jioni karakana ilikuwa imefungwa. Ngendo alikuwa akikunja gunia lake.

"Amekuja yule mzee wa nyanya. Anasema mashine imekataa kutoa stima, inanguruma tu. Wameenda na Yahya."

Vitunguu vilimponyoka. Aliketi mlangoni mpaka pikapu ya Mburu iliposimama getini, magharibi ikiingia. Mburu alishuka kwanza, anacheka meno yote.

"Mama, huyu fundi yako ni mwalimu! Nimeita wengine wawili, wameshindwa. Yeye ameweka betri, hakuna. Ameweka tena, hakuna. Basi ameanza kuibembeleza kama bibi, haki ya Mungu, ameinama hivi: 'Haya mama, rudi. Rudi basi kwangu, yaishe.' Na ikawaka! Saa hiyo hiyo! Watu wote wamecheka mpaka wamelala chini."

Mwanamisi alimtazama mumewe. Yahya alikuwa ameketi ndani ya pikapu, bado hajashuka, amejitanda begani kipande cha leso, safi, kimepigwa pasi. *Nilichopewa na Mungu sigawi.* Alikuwa anatabasamu.

Alioga. Alikula, akasifu chakula. Alikuwa mpole kuliko alivyokuwa mwaka mzima, akauliza hata habari za viganja vyake. Mwanamisi alifunga mlango, akaweka meza nyuma yake, akawasha kandili, akajiambia kwamba Ngoliba ni mbali, ni mbali sana, kuna Thika nzima katikati.

Ilikuwa siku ya giza. Upande wao wote wa Ruiru ulikuwa mweusi kama kawaida ya ratiba.

Balbu iliyokuwa juu ya vichwa vyao ikaanza kuwaka. Nyekundu kwanza, kisha manjano, kisha nyeupe kabisa, na ukutani kukawa na kivuli cha Yahya na kivuli cha Mwanamisi. Nje, gizani, Ngendo alipaza sauti yenye kutetemeka: "Mwanamisi? Mwanamisi, mmewasha nini huko?"

Kokoto zilisagika uani, zikakoma. Pete ya chuma ikagonga mara tatu.

Yahya aliinuka, akachukua mto wake. Aliisogeza meza kando taratibu asimwamshe mtu, ingawa hapakuwa na mtu aliyelala. Mwanamisi alimshika mkono kwa vile viganja vyake vyenye mistari.

"Yahya, unaenda wapi?"

Alimtazama kwa huruma, kama mume mwadilifu anavyomtazama mke mkubwa aliyesahau hesabu.

"Mwanamisi," akasema, "leo si zamu yako."